Nauli ya Mzigo wa Pemba Isiachiwe Soko Peke Yake

Bei ya mfuko wa saruji dukani Chake Chake haipangwi na kiwanda cha Wazo Hill peke yake. Kabla haujafika dukani, mfuko huo hulipiwa ada ya gati, kazi ya makuli, nauli ya meli na gari la kuutoa Mkoani au Wete. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akiona gari la mzigo limepandisha bei hutafuta jingine. Wa Pemba hana njia nyingine ila bahari, na siku meli isipoondoka, fedha yake hulala ghalani pamoja na bidhaa.

Kwa sababu hiyo, usafirishaji wa mizigo baina ya visiwa si biashara ya kawaida. Unafanana zaidi na umeme au maji, kwani mteja hana pa kukimbilia. Huduma ya namna hiyo ikiachwa bila msimamizi, mwenye meli atachagua njia yenye faida na kuiacha isiyo na faida, au atatoza anachotaka. Hakuna haja ya kumlaumu, maana hiyo ndiyo hesabu ya biashara. Kazi ya Serikali ni kuhakikisha kuwa hesabu hiyo haimwumizi asiye na njia nyingine.

Hata hivyo, dawa ya kubana nauli tu ni hatari. Meli ziendazo Pemba mara nyingi hubeba mchele, unga, sukari, saruji na mabati, lakini nje ya msimu wa karafuu mzigo wa kurudi ni mwepesi. Nauli ikishushwa chini ya gharama, mwenye meli ana njia tatu: kuondoa meli, kuacha matengenezo, au kupakia kupita kiasi. Hatari ya kupakia kupita kiasi inajulikana. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Meli hiyo ya abiria wapatao 600 ilikuwa na watu zaidi ya 2,000 pamoja na shehena. Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Kwa hiyo nauli na usalama haviwezi kusimamiwa kama mambo mawili yasiyohusiana.

Mfano wa kuangaliwa uko Hawaii, jimbo la visiwa la Marekani. Huko mizigo mingi hushushwa kwanza Honolulu, kisha hupelekwa visiwa vingine kwa matishali yanayovutwa na tagi. Kazi hiyo hufanywa na kampuni binafsi ya Young Brothers, iliyoanza mwaka 1900, chini ya tume ya huduma za umma. Kampuni haipandishi nauli kwa hiari yake. Hupeleka maombi na hesabu zake kwa tume, na wateja hupewa nafasi ya kusema. Kwa upande wake, inatakiwa kuhudumia hata visiwa vidogo vya Molokai na Lanai, na mazao ya wakulima wa visiwani hupata punguzo.

Mwaka 2009 kampuni ya Pasha iliomba kuingia katika bandari kubwa bila kuhudumia visiwa hivyo viwili. Young Brothers ilipinga, ikisema mshindani atachukua nyama na kumwachia mifupa. Tume iliiruhusu Pasha kwa muda. Mwaka 2020, mizigo ilipopungua wakati wa korona, Young Brothers iliomba msaada wa dola milioni 25, na mwezi Agosti tume ikaidhinisha nyongeza ya nauli ya asilimia 46. Wenye maduka waliumia. Funzo ni kwamba msimamizi anayesubiri kampuni ifike ukingoni hubakiwa na uamuzi mmoja tu, nao ni mchungu.

Zanzibar haianzi bila kitu. Mamlaka ya Usafiri Baharini iliundwa kwa sheria ya 2009, na Serikali yenyewe ilinunua MV Mapinduzi II, iliyowasili mwaka 2015. Lakini meli moja ya Serikali haitoshi kuwa sera ya mizigo. Kinachotakiwa ni kanuni chache zinazoeleweka na kila mwenye duka.

Kwanza, nauli ya kila aina ya mzigo ibandikwe gatini, ikitenganishwa na ada ya bandari na malipo ya makuli, ili mteja ajue nani anamtoza nini. Pili, anayepewa leseni ya njia nono ya Dar es Salaam na Unguja achangie huduma ya Pemba, ama kwa safari za ratiba ama kwa fedha katika mfuko maalumu. Tatu, mzigo upimwe kwenye mizani kabla ya kupakiwa, na meli iliyozidisha isiondoke. Nne, nauli ipitiwe kila mwaka kwa hesabu zilizokaguliwa, ipande kidogo inapobidi kuliko kuruka ghafla. Tano, safari isiyolipa lakini inayohitajika ipewe ruzuku iliyoandikwa wazi katika bajeti na kushindaniwa kwa zabuni.

Mwekezaji mdogo anayefikiria kununua meli asiogope kanuni hizi. Benki humkopesha kwa urahisi zaidi mwenye ratiba, nauli inayojulikana na leseni ya miaka kadhaa kuliko anayebahatisha mzigo wa siku hiyo. Naye mwenye duka wa Wete hataki nauli ya bure. Anataka kujua leo atalipa kiasi gani wiki ijayo, na kwamba meli itafika.