Bampa la chuma linavyokula magunia ya korosho

Msimu wa korosho hapa Mkwaja, wilayani Pangani, hukutana na mvua za vuli. Udongo mweusi ukishalowa, mzigo hautoki shambani bila gari linalovuta magurudumu yote manne. Mradi wa barabara ya lami ya Tanga–Pangani–Bagamoyo umepita upande huu, lakini lami haifiki kwenye mikorosho.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayetengeneza gari lake hakosei. Tatizo ni anachonunua kwanza: bampa la chuma, winchi, keria ya juu, matairi makubwa kama ya magari ya watalii wa Saadani. Gari linapendeza, lakini tupige hesabu. Tuseme pikapu yako imeruhusiwa kubeba kilo 1,000, yaani magunia 12 ya kilo 80. Ukiifunga vyuma vya kilo 200, yanabaki magunia 10. Mawili unayaacha kila safari, na dizeli ni ileile. (Wapo wanaopakia 12 hivyo hivyo. Hao springi huwakatikia njiani.)

Matairi yaliyozidi kipimo cha kiwanda nayo hupunguza nguvu ya kuvuta, kwa sababu gia hazikupangwa kwa ajili yake. Bakia na kipimo kilekile, chagua yenye meno makubwa.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye pampu ya upepo na geji. Ufukweni, ukishusha upepo kutoka pauni 35 hadi 20, tairi hutanuka na kupita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukifika njia ngumu, jaza tena. Halafu fundi aongeze mpira wa kupumulia wa difu, uishie juu karibu na boneti. Difu yenye moto ikizama mtoni hupoa ghafla na kuvuta maji. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, ujue gia zimeanza kuliwa, na bei ya difu unaijua.

Aliyepita ufukweni aoshe chini ya gari kwa maji baridi siku hiyohiyo. Chumvi haina huruma na chesisi.

Winchi ya mkono inafaa, ila wafanyabiashara wanne wanaweza kuchangia moja na kusafiri pamoja. Na mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, hakuna tairi linalouweza udongo ule. Korosho iliyokaushwa vizuri inaweza kusubiri siku mbili za jua. Gari lililozama hadi chesisi linasubiri trekta, na mwenye trekta ndiye anayepanga bei.