POSTA YA NYUMBANI NI AMANA

Wako wenzetu watakaouliza: Ngulyati iko wapi, nasi watu wa visiwani yatuhusu nini? Ngulyati ni kata ya Wilaya ya Bariadi, nchi ya Wasukuma na ya pamba, katika Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012. Yatuhusu kwa kuwa posta ni jambo la Muungano tangu 1964. Sheria inayomlinda mtu wa Ngulyati, au inayomtupa, ndiyo hiyo hiyo inayomlinda au kumtupa mtu wa Konde na Makunduchi. Tena watu wetu wametawanyika bara kote kwa biashara, na mzee aliyeko Wete akitaka kumpelekea mwanawe kifurushi huko, hana budi kuuliza kitapokewa na nani.

Kwa desturi ya nchi yetu, barua haiendi mlangoni kwa mtu. Huenda katika sanduku, na sanduku liko mjini. Mwanakijiji asiye na sanduku lake huazima la shule, la kanisa au la ofisi. Barua yake hupita katika mikono ya watu ambao hawakupewa dhamana hiyo wala hawalipwi kwa kazi hiyo. Mwaka 2022 Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, njia zikapewa majina na nyumba namba. Hilo twalisifu. Lakini namba iliyobandikwa mlangoni haileti barua. Yataka mtu wa kuileta.

Mtu huyo yuko kijijini. Ni mwalimu aliyestaafu, ni mjane mwenye duka, ni fundi cherehani anayeshinda barazani kwake. Apewe muhuri, stempu, sanduku la kufuli na daftari, na nyumba yake iwe posta. Hili si jambo la kubuni. Bara Hindi ina posta zaidi ya 150,000, nyingi mno zikiwa vijijini, na nyingi kati ya hizo huendeshwa katika chumba alichokitoa mtunza posta mwenyewe. Posta hiyo ya India ndiyo iliyoendesha posta ya Unguja tangu 1875 hata 1895, basi hatuna haja ya kuiona ngeni.

Watasema simu imekwisha kuiua barua. Simu haibebi cheti cha shule, wala miwani, wala kipuri cha cherehani. Na hao mawakala wa fedha za simu, je, hawakai katika vibanda na baraza za nyumba zao, wakishika fedha za watu kila siku? Ikiwa makampuni yamewaamini wanakijiji, Serikali yashindwa na nini?

Lakini twaonya. Yaliyotokea Uingereza yasije yakatokea kwetu. Huko watunzaji wa posta ndogo, wengi wao wakiishi nyuma au juu ya maduka yao, walipewa mashine za hesabu za mpango ulioitwa Horizon. Mashine zilionyesha upungufu ambao haukuwako. Kati ya 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wako waliofungwa, wako waliofilisika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kuwa mpango ule ulikuwa na kasoro, na haikuwa mpaka 2024 Bunge lilipofuta hukumu zao kwa sheria. Mnyonge alihukumiwa kwa ushahidi wa mashine ambayo hakupewa nafasi ya kuihoji.

Liko na jambo la pili, nalo wanachama wetu walifahamu vyema. Mwenye kushika mfuko wa barua ajua nani anamwandikia nani. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inahifadhi mawasiliano ya binafsi ya kila mtu. Hifadhi hiyo yawa maneno matupu ikiwa posta ya kijiji itatolewa kama zawadi ya kisiasa kwa jamaa wa mkubwa. Wala hatutaki apewe mtu wa chama chetu kwa kuwa ni wa chama chetu. Twataka apewe mwaminifu.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Mtunza posta achaguliwe na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa hadhara. Alipwe ujira maalumu kila mwezi, asiachiwe ushuru wa stempu peke yake, maana stempu chache za kijijini hazimlishi mtu. Asidaiwe upungufu wowote mpaka mkaguzi asiye wa Posta athibitishe. Na afungue barua ya mtu aadhibiwe, awe nani.

Matawi yetu yote, Unguja na Pemba, yaandike majina ya vijiji visivyo na posta na umbali wa posta iliyo karibu, yatuletee. Tutayafikisha kwa wawakilishi na wabunge wetu, na majibu watakayopewa tutayachapa katika gazeti hili, yawe matamu au machungu.