RELI HAIFI KWA UZEE



Tumechoka na neno moja. Daraja likilegea twaambiwa, "Ni la zamani." Behewa likianguka twaambiwa, "Reli imezeeka." Neno hilo likisha kusemwa, basi, hakuna wa kuulizwa tena. Sisi tulalao na njia na kuamka nayo twasema wazi kwamba neno hilo si kweli, na wanaolisema wanajua.

Kazi ya kujenga njia hii ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Reli za kwanza zilikuwa nyepesi, ratili 50 kwa yadi. Baadaye ziling'olewa, zikawekwa za ratili 80, na mahali pengine 95. Mataruma yalibadilishwa, madaraja yakatiwa nguvu. Tokea mwaka 1955 zililetwa zile injini kubwa za Garratt za aina ya 59, kila moja uzito wake tani 250 hivi, zikavuta mizigo kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Njia ilikuwa karibu na umri wa miaka 60 wakati huo, na ilizibeba. Mount Gelai, mojawapo ya injini hizo, iko katika makumbusho ya reli Nairobi. Wapelekeni watoto wakaione. Mzee gani huyo aliyezidi kupata nguvu kadiri umri ulivyoongezeka? Ni yule aliyelishwa.

Sasa sikilizeni reli hufa namna gani. Haianzi kwa chuma. Huanza kwa majani. Mfereji wa pembeni usipofyekwa, mchanga huuziba. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda, huingia ndani ya tuta. Tuta likilewa maji, udongo hupanda na kuzimeza kokoto. Kokoto zikijaa matope haziwezi tena kulishika taruma, nalo hucheza juu na chini kila gurudumu likipita. Maungio ya reli huinama, magurudumu huyapiga kama nyundo, ncha ya reli hupasuka. Hapo ndipo amri hutoka: treni zipunguze mwendo. Mzigo uliofika kesho sasa wafika kesho kutwa. Mwenye mali hana subira, aita lori. Mapato ya reli yapungua, na ofisi ikitafuta pa kukata yaona nini kwanza? Fungu la kufyeka majani.

Kwa hiyo ndugu anayeuliza kwa nini chama kinashughulika na mifereji badala ya mishahara, ajue kwamba mshahara wake unapita ndani ya mfereji huo.

Genge letu lilikuwa na watu 14 tulipoajiriwa. Leo sehemu ni ileile na watu ni 5, na wawili kati yao ni vibarua wasiojua kama mwezi ujao watakuwapo. Zamani alikuwapo mtu aliyeitembea njia kwa miguu kila asubuhi, spana mkononi, akikaza nati na kusikiliza chuma. Mtu huyo alistaafu na nafasi yake haikujazwa. Tuliandika barua juu ya kalvati moja iliyoanza kupasuka. Jibu lilikuja baada ya miezi minne: hakuna fungu. Masika yalipokuja kalvati ilikwenda na maji. Hapo fungu lilipatikana upesi sana, pamoja na mashine ya kukodi, na wakubwa watatu waliokuja kupigwa picha. Saruji ya kuziba ule ufa ingalitosha mifuko sita.

Tena si hasara ya fedha tu. Mwezi wa Januari 1993 mafuriko yalilichukua daraja la mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, na treni ya abiria ikatumbukia usiku. Zaidi ya watu 100 walikufa. Hatusemi mvua ile iliagizwa na ofisi. Twasema dereva hana macho ya kuona daraja gizani. Macho yake ni yule mtu wa spana.

Mwaka 2006 tuliambiwa dawa imepatikana: njia ikakodishwa kwa kampuni kwa miaka 25, na maelfu ya wafanya kazi wakaachishwa. Mwaka 2017 mkataba ulikatwa. Nani asiyejua kwamba mpangaji hupaka chokaa ukutani lakini paa haligusi?

Mwaka huohuo wa 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa kwa ngoma na bendera. Sisi hatuichukii. Ni kazi nzuri na ndugu zetu wanakula humo. Lakini twauliza swali ambalo halikuulizwa siku ya ngoma: nani ameandika katika daftari ni mwaka gani reli zake zitabadilishwa, na fedha hizo zawekwa wapi tokea sasa? Tangu 2013 bidhaa zinazoingia nchini hukatwa kodi ya maendeleo ya reli. Iliwekwa kwa ajili ya kujenga. Barabara zina kodi yao ya matengenezo, ikatwayo katika mafuta, kwa sheria ya mwaka 1993. Reli je? Mtoto amenunuliwa nguo ya sikukuu, chakula cha Jumatatu hakuna.

Na hiyo ya zamani waliyoizika kwa maneno, mbona imefufuka? Abiria walirudi Nanyuki mwaka 2020, na Kisumu 2021, baada ya njia kutengenezwa kwa mabilioni. Iwapo ilikuwa imekufa kwa uzee, yafufukaje kwa kokoto na mataruma?

Basi chama kitakapokaa mezani na wakubwa, tutadai mishahara kama kawaida, na pamoja nayo tutadai daftari la kila daraja, kalvati na pointi, lenye mwaka wa kujengwa, mwaka wa kukaguliwa na mwaka wa kubadilishwa. Fungu la matengenezo lisiloguswa kwa shughuli nyingine. Na magenge ya watu wa kudumu, kwa njia ya zamani na mpya pia.

Wasipokuwa na daftari hilo tutawapelekea la kwetu. Kila genge liandike sehemu yake, namba ya maili au kilomita, kilichoharibika, na siku kilipoonekana mara ya kwanza. Andikeni kwa wino, si kwa penseli, mkamkabidhi katibu wa tawi mkononi. Majina ya walioandika yatabaki kwake.