Ligeuzeni Kabati, Mlione Mgongo

Mkulima wa Hasamba hadanganyiki kwenye kahawa. Anaijua iliyokauka na inayosingiziwa kukauka. Ataifikicha, ataiuma, atabishana hadi jua lizame. Mtu huyohuyo akishalipwa, akaenda Vwawa au Tunduma kununua kabati la jikoni, anakuwa kipofu ghafla! Anafungua mlango mmoja, anajitazama kwenye vanishi, anatoa pesa. Mvua za Novemba zikianza na mlango ukagoma kufunga, tunaambiwa mafundi ni wezi.

Wezi wapo, sikatai. Lakini ubao mbichi haukuingia jikoni kwako kwa miguu yake. Paini ya Sao Hill, kule Mufindi, inafaa kabisa kwa kabati ikikaushwa. Ikirandwa ingali na maji, itakauka ikiwa imeshakuwa kabati: inajikunja, viungo vinaachia, mlango unapinda. Na kuna paini inayopakwa rangi ya kahawia ikabatizwa mninga, kwa bei ya mninga! Ndiyo maana nasema ligeuzeni. Uso umepambwa kwa ajili yako, mgongo hakuna aliyejisumbua nao. Huko utaikuta rangi halisi ya ubao, utayaona mafundo yaliyozibwa kwa vumbi la mbao na gundi, na misumari pale ambapo ulimi wa ubao ulipaswa kuingia kwenye tundu lake. Chomoa droo yote, itazame pembeni. Kama uso wake umeshikwa na misumari miwili tu, utabaki nao mkononi.

Na haya meupe yanayong'aa, ya chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, tunayoyaita ya kisasa? Ukutani, mbali na maji, sina ugomvi nayo. Chini ya sinki ni balaa. Sakafu zetu zinadekiwa kila asubuhi, ndoo zinamwagika, na chenga zikishakunywa maji huvimba, hazirudi tena. Basi inama. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini kabisa: ukanda wa plastiki umeuzunguka wote, au umebandikwa panapoonekana tu? Hapo ndipo wanapobania, kwa kuwa wanajua hutainama. Rafu nayo ipime. Milimita 18 itabeba sufuria zako. Ya 12, ikiwa ndefu, itabonyea katikati. Ukifungua ukakutana na harufu inayowasha macho, hiyo ni fomaldehaidi ya gundi, si harufu ya upya.

Msidhani sheria itawafuta machozi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kuuzwa, lakini ukishakikagua, kinga hiyo haigusi kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua. Yaani ukiangalia vanishi peke yake, kabati bovu ni lako na hasara ni yako.

Muuzaji atanuna. Atasema unachubua rangi, unazuia wateja. Anune! Kabla ya kutoa pesa ya kianzio, mwambie aandike kwenye risiti aina ya mbao, unene wake, na kwamba ni kavu. Akikujibu, "Sisi si tunaaminiana, mama?" mwachie kabati lake, uende kwa fundi wa jirani.