Daluga za matope hazina kazi Dodoma

Ukifika mnada wa Msalato Jumamosi asubuhi, ukapita upande wa mitumba kabla hujafika kwenye nyama choma, utaikuta stori ileile. Dogo wa miaka kumi na sita kachuchumaa mbele ya turubai la viatu, kashika daluga moja ya rangi ya machungwa, anaigeuzageuza kama kaokota dhahabu. Muuzaji anamsoma usoni tu. "Mdogo wangu, hiyo mali ya Ulaya, orijino. Ukivaa hiyo hakuna beki wa kukukaba." Dogo anauliza bei, anaomba apunguziwe, anatoa noti zilizokunjwa mara nne, anaondoka. Jina la kampuni liko ubavuni, linasomeka hata ukiwa jukwaani, kama uwanja anaochezea ungekuwa na jukwaa.

Kitu ambacho hakukiangalia ni soli. Chini pale kuna meno sita, marefu, ya chuma. Jumapili jioni anaingia nacho uwanjani Nkuhungu, dakika ya ishirini anatembea kama anakanyaga kokoto, mapumziko anavua. Hela yake imekwenda.

Huu ndio ugonjwa wa soka la mchangani hapa makao makuu. Vijana wengi hawana hela ya kuingia dukani kununua kiatu kipya, hilo linajulikana na wala siyo aibu. Shida ni kwamba hata kile kidogo walichonacho kinaishia kwenye kiatu kisichofaa. Wananunua jina, na Dodoma mtu anatakiwa anunue soli.

Twende taratibu. Mvua za Dodoma zinaanza Desemba na kuishia Aprili, na mwaka mwingine hata hiyo Desemba inapita kavu. Kuanzia Mei mpaka Novemba ardhi inakauka, inakaza, juu inabaki changarawe na vumbi jekundu. Tunasema mpira wa mchangani kwa mazoea tu, maana uwanja mwingi wa mtaani hapa uko karibu na sakafu kuliko mchanga. Meno marefu yametengenezwa yazame kwenye udongo laini ili mchezaji asiteleze. Yasipozama, mwili wote unabebwa na vichuma sita. Unyayo unaumia, kisigino kinauma, na kwa kuwa mguu umeinuliwa juu, ukigeuka ghafla kifundo kinakwenda pembeni. Kwa watoto wanaokua ni mbaya zaidi, visigino vyao bado havijakomaa.

Hata historia ya hayo meno inajieleza yenyewe. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 ilichezwa Bern, Uswisi, Julai 4, mvua inanyesha. Ujerumani Magharibi walikuwa wamepigwa 8-3 na Hungary kwenye makundi. Siku ya fainali walivaa viatu vya Adi Dassler, mwanzilishi wa adidas, vyenye meno ya kufungua na kufunga, wakafunga marefu kwa sababu ya matope. Wakashinda 3-2. Kiatu kile kilikuwa dawa ya matope ya Bern. Mtu anakivaa Septemba pale Chang'ombe kwa dawa ya nini?

Sasa mwenye elfu ishirini au thelathini mfukoni afanye nini? Kwanza ageuze kiatu kabla ya kuangalia rangi. Viatu vya kampuni kubwa huwa na herufi kwenye lebo ya ndani au kwenye ulimi. SG ni vya uwanja laini, hivyo ndivyo vya kuacha kwenye turubai. FG ni vya nyasi za kawaida, vina meno ya plastiki kumi na kitu. Kwa anayecheza Uwanja wa Jamhuri, kwenye nyasi, hivyo sawa. AG ni vya nyasi bandia, meno yake ni mafupi na mengi zaidi. TF ndiyo ile raba yenye vimeno vidogo vidogo vya mpira, vingi mpaka huwezi kuvihesabu. Herufi zikiwa zimefutika, hesabu meno. Sheria ya Dodoma ni rahisi: yakiwa mengi na mafupi chukua, yakiwa machache na marefu rudisha.

Na hapa ndipo penye mchongo. Hizo TF madogo wengi hawazitaki. Wanasema ni raba za kufanyia mazoezi, hazina mvuto, ukizivaa washkaji wanakucheka. Kitu kisichogombewa hakipandi bei. Mjanja anayekwenda Sabasaba au Msalato akaanzia kwenye rundo la raba zilizodharauliwa ana nafasi kubwa ya kuondoka na kiatu kizima na nauli ya kurudi.

Pili ni namba. Mtu anasema anavaa 42, basi akiona 42 anabeba. Kampuni hazikubaliani. Kwa adidas 42 ni 8 ya Uingereza, kwa Nike 42 ileile ni 7 na nusu. Kinachosaidia ni urefu wa mguu: kwenye lebo kuna namba ya sentimita au ya Japani, na 42 ya kampuni zote hizo mbili inakwenda kwenye 26.5. Pima mguu wako nyumbani jioni, ukutani, kwa rula, ukijua urefu wako huhitaji kubishana na muuzaji. Na usinunue kikubwa ukasema utajaza soksi. Kiatu kinachocheza mguuni kinatoa malengelenge.

Tatu, kikunje. Kiatu cha mtumba kinaweza kuonekana kipya kabisa kwa sababu kilikaa kabatini miaka mingi, kumbe gundi na soli vimezeeka. Ukikikunja pale vidole vinapokunjika halafu ukaona mwanya kati ya soli na ngozi, hicho ni cha fundi, na hela ya fundi uihesabu kwenye bei. Ukishakinunua, usikianike juani. Jua la hapa linakausha gundi kuliko hata mechi.

Hayo ni ya mchezaji. Lawama kubwa iende kwa viongozi wa timu.

Timu za mtaani zinachangishana, bodaboda wanatoa, mama ntilie wanatoa, diwani anaombwa, anatoa. Hela ikipatikana inakwenda wapi? Jezi. Ligi ikiisha, jezi nyingine, safari hii zenye jina mgongoni. Huku uwanjani bado ni yale yale: anayetoka anakaa chini pembeni ya mstari anavua, anayeingia anavaa, mwamuzi anasubiri. Asiye na mwenye namba kama yake, haingii. Kocha anabaki kupanga kikosi kwa kuangalia miguu badala ya kipaji. Dogo fundi kutoka Bahi au Chamwino anakaa nje, mwenye kiatu anacheza.

Na kiatu siyo anasa. Sheria ya 4 ya mchezo inataka mchezaji awe na jezi, bukta, soksi, vilinda ugoko na viatu. Bila viatu huchezi mechi rasmi. Lakini sheria hiyohiyo haitaji kampuni, wala haisemi lazima kuwe na meno. Raba iliyo salama inatosha. Kwa hiyo kiongozi anayemwambia kijana "huna daluga, kaa benchi" wakati kijana kavaa raba, hana sheria ya kusimamia.

Badala ya seti ya pili ya jezi, timu inaweza kuwa na jozi kumi za TF, namba 40 mpaka 43, zikawa mali ya timu, zikatunzwa na mtu mmoja kama zinavyotunzwa jezi. Wakati nchi inajiandaa kupokea AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, hili halihitaji bajeti ya wizara. Linahitaji mweka hazina mmoja na kapteni mwenye rula, wafike Msalato Jumamosi mapema, kabla moshi wa nyama haujaanza kuwavuta upande wa pili na hela ya viatu.