Uchakavu Hupimwa Kabla ya Safari
Katika baadhi ya maghala ya kisasa, vitoroli huendeshwa kwa nguvu ya sumaku. Hata hivyo magurudumu yake hulika, na yapasa kupimwa mapema. Hali ni hiyo hiyo kwa injini za vyombo vinavyovusha abiria kutoka Kilindoni, Mafia, hadi Nyamisati, wilayani Kibiti. Vyuma vikisuguana, chembe zake huingia katika oili. Sumaku ndogo kwenye kizibo cha kumwagia oili huzinasa: unga mwembamba ni wa kawaida, vipande ni onyo. Shaba na alumini hazinaswi, hivyo ukaguzi mwingine wahitajika. Ni kosa kungoja injini izimike baharini. Kila chombo kiweke kumbukumbu ya chembe hizo, na shule zetu zifundishe namna ya kuisoma.