Magurudumu ya Gari la Mbio: Uzuri na Mekanika Yake

Mwenye gari dogo la mbio huchagua rimu mpya kama achaguavyo kanzu ya sikukuu: hutazama mng'aro, hutazama umbo la mikono yake, kisha huuliza bei. Uteuzi wa namna hii haufai. Gurudumu hubeba gari zima pamoja na roho za waliomo, na umbo lake ni suala la mekanika kabla ya kuwa suala la urembo.

Mfano mwema ni Datsun 240Z, gari la Kijapani lililojipatia sifa Afrika Mashariki kwa kushinda mbio za Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Lilitoka kiwandani na rimu za feleji za inchi 14. Anayelitunza gari hili leo huonyeshwa mitindo mitatu: rimu za spoku, mfano wa baiskeli, rimu za alumini za mikono minane, za inchi 14 au 15, na rimu za inchi 17 zenye mikono myembamba.

Za spoku zinapendeza, wala hakuna abishaye. Lakini kila spoku hukazwa kwa mvuto wake, na barabara ya makorongo huilegeza. Pasipo fundi wa kuzikaza mara kwa mara, gurudumu huanza kuyumba.

Rimu za inchi 17 ndizo zinazowavutia vijana, na hapo ndipo hesabu inapohitajika. Tairi la 195/70 R14 lina kipenyo cha milimita 629 hivi, na kimo cha ubavu wake ni karibu milimita 137. Tairi la 205/50 R17 lina kipenyo cha milimita 637, yaani karibu sawa. Lakini ubavu umebaki milimita 103 tu. Robo ya mto wa hewa imeondolewa na nafasi yake kujazwa madini. Shimo ambalo zamani lilimezwa na mpira sasa hupiga rimu yenyewe.

Tena madini hayo yamesogezwa ukingoni, mahali pabaya kuliko pote. Kilo moja iliyo ukingoni mwa gurudumu husafiri mbele pamoja na gari, na papo hapo huzunguka. Nishati mwendo yake ni takriban maradufu ya ile ya kilo moja iliyowekwa juu ya kiti. Mtu hununua rimu ili gari lionekane lina kasi, kumbe amelitia uzito miguuni.

Alumini ina uzito wa theluthi moja tu ya feleji kwa ujazo ule ule, lakini wepesi huo hautoshi kuwa hoja. Rimu nyingi husubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu. Usubuji ukiwa hafifu, vipovu vya hewa hubaki ndani, na rimu hupasuka pale ambapo feleji ingepinda tu. Iliyofuliwa kwa mashine ya kugandamiza ni imara zaidi, na ghali zaidi. Ettore Bugatti alipotoa gari lake la Type 35 mwaka 1924, magurudumu yake ya alumini yalisubiwa na mikono minane bapa pamoja na ngoma za breki. Watu waliyaona mazuri, na uzuri huo ulitokana na kazi.

Kwa 240Z, basi, mikono minane ya inchi 14 au 15 ndiyo chaguo la busara, mradi shina la kila mkono liwe la mviringo, si la kona kali ambako nyufa huanzia. Uso wa kufungia nati nao usiitokeze rimu nje kupita kipimo cha kiwanda: gurudumu likitokeza, mzigo huielemea beringi kwa mkono mrefu zaidi, na usukani huvutwa upande wakati wa kufunga breki. Rimu za Kijapani zilizopimwa kwa mizunguko ya mzigo na kwa kupigwa huwa na alama ya JWL. Isiyo na alama yoyote ya majaribio iachwe dukani, hata ikiuzwa kwa nusu ya bei.

Iliyopasuka isipelekwe kuchomelewa. Joto la kuchomelea huondoa ugumu ambao alumini ilipewa kiwandani, na ufa mpya hutokea kando ya ule wa kwanza, chini ya rangi safi.